Gunia la Bosi na Leso ya Mama

Gunia la katani likilowa maji lina harufu ambayo huwezi kuichanganya na nyingine, nusu nyasi, nusu mnyama. Juzi ndugu yangu Kioko alikuwa anahama nyumba, nami nikaenda kumsaidia kufunga vyombo. Jirani yake, mama mwenye nia njema kabisa, akatuletea gunia lililokuwa limenyeshewa kwenye ua, akasema tumtie paka wa Kioko ndani asije akaona njia. Ile harufu iliponifikia, nilimnyakua paka nikamkumbatia. Nikamwambia hapana, asante, paka huyu atasafiri mapajani mwangu na dirisha litakuwa wazi. Yule mama akaniangalia kama mtu aliyelelewa porini. Kioko akacheka, maana yeye anajua. Nyinyi hamjui, basi tulieni niwaambie.

Sisi tulizaliwa magharibi, karibu na Bungoma, katika nyumba za kiwanda cha sukari. Baba alikuwa fundi wa kuchomelea vyuma. Ni Mkamba wa Kalama, Machakos, aliyefuata kazi huko akiwa kijana, akampata Mama, ambaye ni Mbukusu. Kwao Mama palikuwa mwendo wa miguu tu kutoka kwetu, unapita katikati ya miwa unatokea kwenye ua wa nyanya yetu, mama yake. Nyumbani tulizungumza Kiswahili kwa sababu hakuna aliyekubali kushindwa na lugha ya mwenzake. Mimi niliitwa Mwende, jina la Kikamba, lakini Kikamba chote nilichokuwa nacho kingejaa kijiko cha chai: ukisalimiwa "wakya" unajibu "aa", basi, mwisho wa maneno.

Tulikuwa na paka aliyeitwa Malkia, ambaye hakuwa wa mtu, na mbwa aliyeitwa Bosi, ambaye alikuwa wangu. Sisemi wetu. Alikuwa mwekundu wa udongo, sikio moja limepasuka, na alinisindikiza shule kila siku kisha akarudi mwenyewe, hata siku za matope. Watu walikuwa wanasema yule mbwa ana dira tumboni.

Kisha kiwanda kikaanza kupunguza watu. Watoto hawaambiwi mambo kama hayo. Tuliona tu kwamba Baba anashinda nyumbani siku za kazi, akitengeneza viti ambavyo havikuwa vimevunjika. Halafu ile nyumba ikatakiwa na wenyewe. Baba akatuita akasema tunaenda nyumbani. Nikamwambia, lakini tuko nyumbani. Aliniangalia kidogo, halafu akarudi kwenye viti vyake.

Lori lililotubeba lilikuwa la Mzee Adan, Msomali wa Machakos mjini, mfanyabiashara wa mifugo. Alikuwa akishusha mbuzi huko magharibi na kurudi na mahindi Ukambani, ambako mvua ilikuwa na mazoea ya kuchelewa. Juu ya mahindi yake akatupa nafasi ya vitanda, masufuria, cherehani ya Mama, na sisi wenyewe. Kuhusu mbwa, alisema hana neno, mradi akae nyuma na asiguse chakula cha watu. Alfajiri ya kuondoka, Baba akaja na gunia tupu la katani, bado limelowa umande, na kamba.

Nilimuuliza Bosi amefanya kosa gani. Baba akasema si kosa, mnyama anayehamishwa hufunikwa macho.

"Akiona njia atarudi," alisema. "Atarudi huku akose mtu, afe njaa. Ndivyo inavyofanywa."

Tangu siku hiyo mimi na hayo maneno, ndivyo inavyofanywa, hatupikiki chungu kimoja. Yakitajwa mbele yangu kwenye mkutano wowote, wa harusi, wa shule, wa kanisa, mimi huangalia haraka ni nani anayetaka kutiwa guniani. Siku ile nilimshika Bosi shingoni na nikapiga mayowe, lakini nilikuwa mtoto wa darasa la pili na Baba alikuwa na mikono ya kukunja chuma. Bosi akaingia guniani bila hata kubweka, kwa sababu alimwamini mtu aliyekuwa anamtia humo. Hilo ndilo liliniuma zaidi. Malkia aliwekwa kwenye katoni yenye matundu, naye alitukana njia nzima, Mungu ambariki.

Mzee Adan alimwambia Mama akae mbele, kuna nafasi ya heshima kati yake na Baba. Mama akasema atakaa nyuma na watoto wake. Akapanda, akaegemea godoro, akampakata Kioko. Lori lilipowashwa tu, akaivuta leso yake kutoka mabegani, akajifunika kichwa na uso wote. Tulipofika kwenye njia ya kwao, nyanya alikuwa amesimama kando ya barabara na taa ya kandili, peke yake, amekuja kutuaga. Nilimpungia mkono. Nyanya akaiinua taa juu ili amwone mtoto wake vizuri, na Mama hakufunua leso. Lori likapita.

Niliangalia gunia, nikaangalia leso. Kwa akili yangu ya wakati huo, jambo lilikuwa wazi kama maji ya mtungi. Bosi amefunikwa asijue njia ya kurudi kwao. Mama naye amefunikwa, na kwao ndiko kule tunakokuacha. Kwa hiyo Mama naye anahamishwa kama Bosi, na akishafika hatarudi tena, hatamwona nyanya tena, na yeye mwenyewe amekubali kwa sababu amemwamini Baba. Sisi watoto hatukufunikwa kwa sababu hakuna aliyetudhania kuwa na akili ya kushika njia. Hapo walikosea. Niliapa, kwa jina la Mungu na kwa kuilamba ardhi, ingawa ardhi yenyewe haikuwa karibu na ikabidi nilambe gunia la mahindi, kwamba nitaishika njia yote kichwani na siku moja nitamrudisha mama yangu kwao.

Kazi ya kwanza ilikuwa Bosi. Nilifumua nyuzi za lile gunia kwa kucha na meno, uzi mmoja mmoja, mpaka pua ikatoka, kisha jicho. Nikalitanua tundu hadi macho yote mawili yakawa nje. Nikamwambia, angalia, na wewe usilale.

Basi tukaangalia. Miwa ikaisha. Likaja daraja, ukaja mji wenye moshi, yakaja mashamba ya ngano yasiyo na mwisho, na baridi ya Eldoret iliyofanya meno ya Kioko yagongane. Mahali fulani kwenye msitu palikuwa na kibao kikubwa cha ikweta chenye picha ya dunia, na watu wamesimama hapo wakipigwa picha. Nilijisemea: hapo ndipo katikati, nikirudi nitakuta hicho kibao kabla ya ngano. Kila nilipoona kitu nilikirudia kimoyomoyo tangu mwanzo, kama mtu anayejifunza sala. Kioko alilala, Mama chini ya leso sijui alikuwa analala au vipi, nami nilikuwa najifinya mapaja nisisinzie. Nikienda kujilaza kidogo, Malkia ananitukana kutoka kwenye katoni, naamka.

Tulisimama kabla ya Nakuru, mahali malori yanaposimama, ili watu wale. Mzee Adan akaja nyuma kukagua kamba za mzigo, na Bosi, ambaye hakuwa na adabu za kidini, akamlamba mkono. Nilijua tumeisha. Lakini Mzee Adan hakupiga kelele. Alishuka, akachota udongo msafi, akajisugua, akamwagiwa maji, tena na tena, kama dini yake inavyotaka mtu akilambwa na mbwa, kwa utulivu wa mtu anayekoga baada ya kazi. Nilidhani anachanganya tope la kuziba mahali. Akamaliza, akarudi, akaniuliza ni nani aliyemfungulia mbwa dirisha. Nikamwambia ni mimi, na sijutii, ni lazima Bosi aone njia ndiyo aweze kurudi. Aliniuliza na mimi je. Nikasema mimi naiweka kichwani.

"Mbuzi wangu huona njia yote, binti," akasema. "Hakuna hata mmoja aliyewahi kurudi."

Akacheka mwenyewe. Mimi sikuelewa kichekesho kiko wapi, na nilipokielewa miaka mingi baadaye sikukipenda. Lakini hakumwambia Baba. Alinisemesha maneno mengine kwa Kikamba, ambacho alikizungumza kama maji, na mimi mwenye jina la Kikamba nikabaki nimemtumbulia macho. Akatikisa kichwa kwa huruma.

Tuliteremka bonde, tukapanda, tukapita wauza viazi na karoti wenye kofia za manyoya, tukazunguka Nairobi iliyonuka moshi na mahindi ya kuchoma. Athi River tulifika wakati wasichana wa viwanda vya nguo wanatoka zamu, wamejaa barabara yote, wanacheka na mikebe yao ya chakula, na vumbi la saruji limekaa juu ya majani. Kyumbi tukakata kushoto. Nikaweka: kushoto. Maana wakati wa kurudi itakuwa kulia. Nilijipongeza sana kwa hilo. Halafu Machakos mjini, halafu vilima, matuta ya mashamba yamepangwa kama ngazi, nyua za mkonge, na mwishowe boma la mama yake Baba, ambaye sisi tuliambiwa tumwite Susu.

Susu alikuwa mwanamke mfupi mwenye macho makali na Kiswahili cha kununulia chumvi tu. Alitusalimia wote, akatutemea baraka kifuani, akamfunua Mama ile leso kwa mkono wake mwenyewe na kumtazama uso kwa muda mrefu. Sikupenda. Kisha akalinyooshea gunia kidole na kuuliza jambo kwa Kikamba, Baba akajibu ndiyo, amefunikwa. Wakalishusha gunia, na hapo ndipo wakaona macho mawili ya Bosi yanawaangalia kupitia tundu.

Baba alikasirika, si kidogo. Alisema mbwa sasa amejua njia na amepotea tayari, ni kama hatunaye. Nikasema ndiyo, nimemfungua mimi, na nitamfungua tena. Ningepigwa siku hiyo kama Susu hangesimama katikati. Aliamuru Bosi afungwe kwa mnyororo chini ya ghala. Kisha akakata nywele kidogo za mkia wake, akazifukia nyuma ya jiko, akazikanyaga kwa kisigino. Kioko, kwa kuwa alikuwa mdogo na anapendwa na kila mtu, alipata kuambiwa na shangazi mmoja sababu yake: mbwa ambaye nywele zake zimezikwa kwenye boma, hata akitembea vipi, boma linamvuta. Kioko akaniletea habari hizo huku anakula ndizi. Malkia wakati huo alikuwa ameshalala kwenye mapaja ya Susu. Paka ni paka.

Maisha ya Kalama yalianza, na mimi niliyapinga kila siku. Nilikataa muthokoi, yale mahindi yaliyokobolewa, mpaka njaa ikanishinda, na hata nilipokuwa nakula nilikula kwa uso wa kukataa. Shuleni walinicheka kwa kutojua lugha ya jina langu. Niliwapiga wawili, nao wakanipiga, tukaheshimiana.

Maji tuliyachota kwenye mto wa mchanga. Unachimba shimo, unangoja maji yajikusanye, unachota kwa kikombe. Wanawake wa huko hubeba mtungi mgongoni, umeshikwa na mukwa, kamba ya ngozi inayopita kwenye paji la uso, na wanatembea wameinama. Mama aliviringa kitambaa kuwa ngata, akauweka mtungi kichwani, akapanda kilima shingo imesimama, mikono inaning'inia tu. Wanawake waliacha kuchota wakamtazama. Walicheka. Siku ya pili Susu akamletea mukwa mpya kabisa, laini, uliopakwa mafuta. Mama akaupokea kwa mikono miwili, akashukuru kwa heshima zote, akautundika kwenye msumari. Hakuwahi kuushusha. Ningekuwa na akili, ningeelewa siku ile kwamba huyo si mtu aliyefunikwa na yeyote. Lakini mimi niliona tu kwamba yule bibi anamletea mama yangu kamba.

Jumapili moja baada ya kanisa, Susu alimkalisha Mama kwenye mkeka, akamweka katikati ya magoti yake, akaanza kumsuka. Ilikuwa mara ya kwanza kuwaona wamekaa karibu hivyo. Mama alikuwa amefumba macho. Walikuwa wakizungumza, huyu Kiswahili kidogo, yule Kikamba kidogo, na walicheka mahali fulani. Mimi nilikuwa juu ya ghala nawachunguza. Susu alipomaliza, akakusanya nywele zote zilizotoka kwenye kitana, akazifinyanga kuwa kidonge, akaenda nyuma ya jiko, pale pale, akachimba kwa kidole cha mguu, akazifukia, akakanyaga kwa kisigino.

Mwanamke yeyote aliyewahi kusukwa kijijini anajua Susu alikuwa anafanya nini: nywele hazitupwi ovyo, ndege wakizijengea kiota unaumwa kichwa, mtu mbaya akiziokota ni balaa. Alikuwa anamtunza mama yangu kama binti yake. Mimi sikujua. Mimi nilijua habari za nywele za Bosi tu.

Nilingoja watu watawanyike, nikaenda na kijiko nikachimba. Za Bosi zilikuwa zimechanganyika na udongo, nikazitupa kwenye upepo. Za Mama nikazifuta, nikazifunga kwenye karatasi ya daftari, nikazitia ndani ya soksi. Kisha nikaenda chini ya ghala nikamfungua Bosi mnyororo. Nilimwambia sasa hakuna kinachokuvuta, nenda, tutakufuata. Akajitikisa, akatoka mbio hadi barabarani, nami nikawa namshangilia kwa kuruka. Barabarani akanusa huku na huku, akakata kona kuelekea kwa jirani ambaye alikuwa amechinja mbuzi. Jioni alirudi peke yake, tumbo limejaa, akaenda mwenyewe chini ya ghala akalala juu ya mnyororo wake. Nilimwita msaliti. Sikuzungumza naye kwa siku kadhaa, na yeye hata hakugundua. Kazi yote ikabaki yangu.

Haikupita muda, Mzee Adan akaja Kalama kununua mbuzi. Alikuwa ametoka magharibi, na alikuwa na ujumbe. Akakaribishwa chai chini ya paa la jiko, na wote tukakaa: Baba, Susu, Mama, sisi watoto. Alimwambia Mama taratibu kwamba nyanya alikuja mwenyewe hadi kwenye soko la mbuzi kumtafuta, akitembelea fimbo, anakohoa sana, amekonda. Alisema anaomba kumwona mtoto wake. Mzee Adan akaongeza kwamba lori litaondoka siku ya Jumatano na mbele kuna nafasi.

Mama aliweka kikombe chini. Baba akasema pole, kisha akasema ingekuwa vizuri kungoja mbaazi zivunwe. Susu akasema kitu kirefu, Baba akatafsiri kipande: kwamba mke ambaye hajamaliza hata mwaka, akirudi kwao, watu watasema amekimbia, na akifika kwao ndugu zake wanaweza kumzuia asirudi. Mama alikuwa kimya. Baba akaona kimya hicho ni njia, akaendelea. Akasema na safari yenyewe ni ndefu, sijui kama utajua hata pa kupitia, ulikuja umelala.

"Mimi najua," nikasema.

Nikasimama. Nikasema kutoka hapa ni vilima, halafu Machakos mjini, halafu Kyumbi unakata kulia, kulia, si kushoto, halafu Athi River kwenye wasichana wa nguo, halafu Nairobi ya mahindi, halafu wauza viazi, bonde, Nakuru, malori, msitu, kibao cha dunia, baridi, ngano, mji wa moshi, daraja, miwa. Na nyanya. Nilisema yote bila kupumua na nilipomaliza nilikuwa nalia kwa hasira, maana nilikuwa nimeitunza njia hiyo muda wote huo na hakuna aliyeniuliza.

Mama akauliza ni nani aliyenifundisha. Nikasema nimejifunza mwenyewe kwa sababu yeye walimfunika. Nikamwambia, walikufunika kama Bosi, na nywele zako wamezika kama za Bosi, lakini mimi nimezichimbua, hizi hapa. Nikatoa ile karatasi kwenye soksi, nikaifungua katikati ya vikombe vya chai.

Mzee Adan aliangalia ndani ya kikombe chake. Baba alimtafsiria Susu kwa sauti ya chini, na Susu akaweka kiganja mdomoni, macho yake makali yakajaa maji. Mama aliiangalia ile karatasi, akaniangalia mimi, halafu akamgeukia Baba. Sauti yake haikupanda hata kidogo.

"Baba Mwende, sikia. Hakuna mtu alinifunika. Nilijifunika mwenyewe. Mama yangu angeniona nikilia angeniambia nishuke, na mimi ningeshuka. Nilitaka kuja na wewe, ndiyo nikafunika uso. Sasa nataka kwenda kumwona mama. Nitaenda Jumatano."

Baba alikuwa ameinamisha kichwa. Nafikiri hakuwahi kujua alikuwa amekaribia kiasi gani kusafiri peke yake na vitanda vyake.

"Na utarudi?" akauliza.

"Utajua ukiniona," Mama akasema.

Sijawahi kusikia jibu zuri kama hilo tangu nizaliwe, na nimeishi na majibu mengi. Jumatano asubuhi Susu alifika kwenye lori na jogoo mkubwa aliyefungwa miguu, na kibuyu cha uji, na akamwambia Mama kwa Kiswahili chake cha chumvi kwamba mtu haendi kwa mama yake mikono mitupu. Kioko alibaki naye. Mimi nilikwenda, kwa sababu nilikuwa nimejifunga na kamba kwenye mlango wa lori na kunifungua kungechukua siku nzima. Mama alikaa mbele, dirishani, leso kiunoni, uso wazi. Kila mahali aliniuliza hapa ni wapi, na kila mahali nikamwambia.

Tulimkuta nyanya kitandani, amekuwa kidogo, lakini macho yake ni yale yale. Mama alimwogesha, akampikia mboga za mrenda, akalala naye kitanda kimoja. Nyanya alianza kukaa, kisha kutembea hadi mlangoni. Siku zikawa nyingi. Wajomba walikuja wakamwambia Mama waziwazi kwamba kule Ukambani ni ukame na mawe, kipande chake cha shamba kipo hapa, watoto wataletwa, na hakuna mtu wa kumrudisha kwa nguvu. Mimi niliwaunga mkono kwa moyo wangu wote. Miwa ilikuwa pale, lugha ilikuwa pale, nyanya alikuwa pale. Nilikuwa nimetimiza kiapo changu chote. Kwa hiyo nilipomwona Mama anafunga mzigo, niliona nimesalitiwa kwa mara ya pili.

Nilimwambia kwa nini tunarudi na hakuna mtu anatulazimisha.

"Ndiyo maana narudi," akasema. "Kwa sababu hakuna mtu ananilazimisha."

Nilinuna hadi Nairobi. Kalama tulifika mchana wa jua kali, tukipanda kilima kwa miguu kutoka barabara kuu, na wanawake waliokuwa wakichota maji mtoni walisimama wakatutazama, maana walikuwa wameshasema yote ya kusema kuhusu yule mke wa magharibi aliyetoroka. Mama aliwasalimia kwa Kikamba, mmoja mmoja, bila haraka. Baba alikuwa ndani ya boma anachomelea jembe la jirani. Alituona kutoka mbali, akavua miwani yake ya kazi, akaja hadi kwenye lango akasimama upande wa ndani. Alikuwa amekonda. Alimwangalia Mama kana kwamba hakuamini macho yake.

"Umerudi," akasema.

"Nimekuja," Mama akamjibu. "Na nitaenda tena."

Baba akafungua lango, upande mmoja, halafu na ule mwingine, ambao hufunguliwa tu gari likiingia.